Fundo Chini ya Kola

Shangazi hakuwa shangazi wa kila mtu. Ila mtoto aliyemlea, mtoto wa marehemu mdogo wake, alikuwa akimwita hivyo kwa sauti iliyovuka kuta za majirani, na mtaa mzima ukaiga. Wauza mkaa wakaiga, mafundi baiskeli wakaiga, hata wazee waliomzidi umri wakajikuta wanamwita Shangazi. Yeye aliitika bila kujali. Alikuwa na ulimi, mama yule. Ukimchokoza asubuhi, jioni bado unatafuta jibu.

Kazi yake ilikuwa kushona. Karakana ilikuwa nyuma ya maghala, ukumbi mrefu wa bati wenye feni moja iliyozunguka pale ilipojisikia, na humo wanawake waliketi kwa safu, kila mmoja na cherehani yake na kipande chake: huyu mikono, huyu mifuko, yule mapindo. Shangazi alikuwa mtu wa kola. Kola ndiyo inayomtoa fundi kijasho, kwa hiyo hakuna aliyemwonea wivu. Na walichoshona humo, mwaka nenda mwaka rudi, kilikuwa kitu kimoja tu, sare za wafungwa. Bosi alikuwa na zabuni ya gereza kuu la mjini.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Bosi hakulijua, msimamizi hakulijua, na mkaguzi wa gereza, aliyekuja kuvutavuta mishono kama anayenunua mbuzi, naye hakulijua. Kila kola iliyopita mikononi mwa Shangazi iliondoka na fundo. Alichukua kipande cha uzi wa nailoni, ule mnene wa kushonea magunia, akakifunga fundo juu ya fundo, kisha akakigusisha kwenye moto wa kiberiti mpaka kikayeyuka na kujikunja. Kikipoa kilikuwa kigumu na chenye ncha. Alikificha katikati ya matabaka ya kola, nyuma kabisa, pale mfupa wa shingo unapochomoza. Shati likiwa jipya, limekakamaa kwa gundi ya kiwandani, ungelipapasa usisikie kitu. Likifuliwa likalainika, ndipo fundo linapoamka na kuanza kazi.

Na nani angelalamika? Mfungwa akisema shati linamchoma, askari atamuuliza kama alitarajia hariri. Shangazi alilijua hilo, na lilimpendeza.

Fundo lile lilikuwa la mtu mmoja. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, jirani yao ukuta kwa ukuta, rafiki wa mdogo wake wa kula sahani moja. Zamani hizo Shangazi alikuwa akishona mifuko ya sokoni nyumbani kwake, na akimaliza alivuka kwenda kwenye kibanda cha fundi kuomba moto wa kuchomea ncha za uzi zisifumuke. Fundi alikuwa akivua miwani yake myeusi na kumwambia, "Lete nikuchomee, Shangazi, usije ukaunguza vidole." Ndivyo walivyokuwa.

Kisha ikaja siku ya mpira. Mdogo wake na fundi walikuwa wameketi benchi moja mbele ya televisheni ya kibandani, wakabishana kama ile ilikuwa penalti au haikuwa. Mmoja akatukana, mwenzake akarudisha, likaingia tusi la mama, na fundi akaokota nondo iliyokuwa imeegemezwa ukutani. Alipiga pigo moja. Mdogo wake Shangazi, ambaye dada yake alimbeba mgongoni tangu mama yao alipofariki, alianguka na hakuamka tena. Mpira haukuwa hata umekwisha.

Mahakamani fundi alilia na kusema ni hasira tu, hakukusudia, na hakimu akampa miaka ishirini. "Ishirini?" Shangazi alipiga kelele. "Na mdogo wangu amepewa mingapi?" Ikabidi askari wamshike mkono na kumtoa nje, naye aliendelea kuuliza swali lile lile mpaka kwenye ngazi.

Aliposikia kwamba kuna karakana imepata zabuni ya kushona sare za gereza, aliacha mifuko yake ya sokoni na kwenda kuomba kazi. Watu walidhani ni riziki. Haikuwa riziki. Shati moja kati ya yale yote lingemfikia fundi, na kwa kuwa hakujua ni lipi, aliyatia fundo yote. Usiku alilala vizuri, akimuwaza jirani yake wa zamani anavyojikuna.

Aliyemgundua ni Bi Mapindo peke yake, aliyeketi cherehani ya pembeni na ambaye macho yake hayakupitwa na kitu.

"Mwenzangu," alimuuliza siku moja akijifanya anatunga uzi sindanoni, "huyo mmoja namjua. Na hao wengine wamekukosea nini?"

"Walikwenda huko kwa miguu yao," alijibu Shangazi. "Hakuna aliyefungwa kwa kusalimia watu."

Bi Mapindo akarudi kwenye mapindo yake, maana alikuwa na watoto wa kusomesha na hakuwa na haja ya kugombana na mtu wa kola.

Miaka ikaenda na mashati yakaongezeka. Bosi alinunua cherehani nyingine, halafu nyingine tena, majora ya kitambaa yakapangwa hadi mlangoni. Redio ilisema gereza limefurika, kwamba wanaume wanalala ubavu kwa zamu, na mmoja akitaka kugeuka lazima safu nzima igeuke naye. Karakana ikacheka. "Wezi wanatulisha, jamani," alisema msimamizi. Shangazi hakucheka, ila alinyoosha mgongo na kusema kwa utulivu, "Walale wamesimama." Alikuwa na maana hiyo hiyo, bila utani wowote.

Basi siku moja akaja mgeni nyumbani kwake, afisa wa ustawi wa jamii, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na mkoba aliokuwa ameukumbatia kifuani. Alikaribishwa, akapewa kigoda, akakohoa. Akaeleza kwamba imeundwa bodi ya kupunguza msongamano magerezani, na wanaangalia waliotumikia sehemu kubwa ya kifungo kwa tabia njema. Fundi wa kuchomea alikuwa mmoja wao.

"Gereza limejaa, mama," alisema kwa upole.

"Limejaa?" Shangazi alisimama. "Nenda makaburini ukamtazame mdogo wangu. Ana nafasi ya kutosha pale. Mpelekeni huyo akalale naye."

Kijana wa watu alifungua mkoba wake. Akasema bodi haifanyi uamuzi bila kuisikiliza familia ya marehemu, na familia ikipinga, mfungwa anabaki alipo mpaka amalize. Aliposikia hayo Shangazi aliketi tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mgeni aingie. Mgeni alisema baadaye kwamba tabasamu lile lilimtisha kuliko makelele.

"Kumbe neno langu ndilo ufunguo," alisema. "Basi nitakuja mwenyewe. Nataka anisikie kwa masikio yake."

Kuanzia hapo akawa mtu wa raha. Siku ya kikao iliahirishwa, ikaahirishwa tena, kwa kuwa majalada ni mengi na bodi ni moja, lakini hilo halikumuudhi hata kidogo. Gauni alikwisha kulipiga pasi. Asubuhi alisimama mbele ya kioo na kufanya mazoezi ya maneno yake, akiyanoa, akitupa yale mapole. Kila kukicha aliyaona matamu zaidi.

Yule mtoto aliyemlea alikuwa sasa kijana mkubwa, fundi wa simu, mcheshi, mwenye mikono miepesi kama ya baba yake. Mteja mmoja alimletea simu aifungue, kwamba amesahau namba ya siri. Akaifungua. Ilikuwa ya wizi, na polisi walipofika mteja alikwishayeyuka. Asubuhi ile benchi la mahakama lilijaa vijana wa makosa ya namna hiyo, huyu simu, huyu kuku, huyu alimtukana askari, na hakimu alikuwa akiwamaliza haraka kama mtu anayemenya njegere. Kijana wa Shangazi aliulizwa kama ni yeye aliyeifungua ile simu. Akasema ndiyo, kwa sababu alilelewa asiseme uongo. Akapewa miezi tisa.

Shangazi aliinuka katika mahakama ile ile aliyowahi kutolewa kwa kushikwa mkono. "Mheshimiwa, ni mtoto mwema," alisema. "Mhurumieni." Neno lile hakuwa amelitumia kwa miaka.

Hakimu alimtazama juu ya miwani. "Kila anayesimama hapo ni mtoto mwema wa mtu, mama," alisema, na akaita jina linalofuata.

Kijana akapakiwa kwenye gari la gereza. Shangazi alilikimbilia, akashika wavu wa dirisha.

"Aliyemuua baba yako yumo humo. Ukimwona mtemee mate. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Shangazi," alisema kijana.

Siku ya kwanza ya kumtembelea, wageni walibanana upande mmoja wa wavu na wafungwa upande wa pili, na kila mtu alipiga kelele ili asikike na wake. Kijana alijipenyeza hadi mbele. Kabla ya kuuona uso wake vizuri Shangazi aliiona kola. Aliujua mkono wake mwenyewe, mistari miwili ya mshono, kona zimegeuzwa sawasawa. Na kijana alikuwa akiizungusha shingo, akiinua bega, akiizungusha tena.

"Una nini shingoni?"

"Ah, shati tu. Mashati ya humu yana kitu, Shangazi. Sisi wageni tunajikuna wote. Wenyewe wanauita upele wa gereza."

"Geuka."

"Si kitu, Shangazi."

"Nimesema geuka!"

Akageuka. Palikuwa na kidonda, kibichi, kinachotoa maji, na pembeni yake kitambaa kilikuwa kimekauka damu. Ni pale pale alipokuwa akipapima kwa kidole gumba, karakanani, kila siku ya Mungu. Shangazi alishika wavu kwa mikono miwili. Alitaka kusema, na ule ulimi wake ulioogopwa na mtaa mzima ukagoma kabisa. Filimbi ikalia, wafungwa wakarudishwa ndani, naye akabaki amesimama pale mpaka askari akamwambia aende nyumbani.

Kesho yake alifika karakanani kabla ya wengine. Rundo la kola za siku iliyopita lilikuwa mezani kwake. Alichukua kiwembe akaanza kufumua, moja baada ya nyingine, akitoa mafundo na kuyatupa chini. Msimamizi alipoingia alimpa maneno makali, kazi iliyokwisha inafumuliwaje, amelewa nini. Shangazi hakuinua kichwa. Bi Mapindo alivuta nusu ya rundo, akaliweka mapajani mwake, akatafuta kiwembe.

"Mimi nimezoea mapindo," alisema. "Nikiharibu usinicheke."

Waliyamaliza yaliyokuwa pale. Lakini yale yaliyokwishavuka geti, yaliyokaa kwenye shingo za watu wale wote, hakuweza kuyagusa, na usingizi wake mzuri ukamtoka.

Alipokwenda kumtembelea tena, kijana alikuwa ametulia. Shingo haikuzunguka. Aligeuka mwenyewe kumwonyesha, kidonda kimefunga, kimebaki kovu jekundu.

"Nilifumuliwa kola," alisema. "Kuna mtu humu, ana kiwaya alichokinoa kwenye sakafu. Siku ya kufua anakaa pale bombani, na kila aliye mgeni anampelekea shati. Anajua palipo na kitu hata bila kupapasa. Kumbe ni fundo, Shangazi, kifundo cha nailoni."

"Ni nani huyo?"

Kijana akatazama chini. "Usikasirike."

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Damu ilimpanda kichwani. "Amekugusa shingo? Kwa mkono ule ule?"

"Nilimtemea mate, kama ulivyoniambia. Mbele ya watu. Akajifuta. Kesho yake akanifuata akaniambia, lete shati."

Shangazi alirudi nyumbani akiwa amefura. Msidhani alilainika, la hasha. Aliona ameibiwa mara mbili. Kwanza mtu yule alimchukua mdogo wake, na sasa ikaonekana kwamba miaka yote hii, wakati yeye anaungua vidole kwa viberiti, jitu lile lilikuwa limejiketia bombani likimfumulia kisasi chake shati kwa shati. Bila shaka lilianza na la kwake! Halikuwahi kuchomwa hata siku moja. Walichomwa wasiohusika, akachomwa mtoto wake, na mwenye fundo akawa anaishi raha mustarehe na shingo laini. Siku ya kikao ilipotangazwa alivaa lile gauni na kwenda huku mdomo umejaa.

Getini walimpekua, wakamnyang'anya kimkasi alichozoea kukining'iniza shingoni. Bodi iliketi kwenye ukumbi wa gereza nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa, na mwenyekiti wao alikuwa mama mwenye mvi na sauti ya taratibu. Fundi akaingizwa. Shangazi alikuwa amejiandaa kumwona mtu mnene. Aliyeingia alikuwa mzee kabla ya wakati wake, mabega yameshuka, akikunja macho kana kwamba bado anautazama moto.

"Shikamoo, Shangazi," alisema.

Hakuitikia. Mwenyekiti alimwomba aseme neno la familia. Maneno yote ya kwenye kioo alikuwa nayo, yamepangwa, yamenolewa, lakini alipofungua kinywa likatoka jingine.

"Umekuwa ukifumua mashati yangu."

Wajumbe wakatazamana.

"Ndiyo, Shangazi," alisema fundi.

"Ulijuaje ni yangu?"

"Ule uzi uliochomwa ncha. Ulikuwa unakuja kuuchomea kwangu."

"Mbona hukusema? Ungemwambia mkuu wa gereza ningefukuzwa. Ningefungwa!"

"Ungefungwa," fundi alikubali. "Halafu mtoto angelelewa na nani?"

Jibu lile lilimkera Shangazi kuliko tusi. Alisogea mbele. "Ukaanza na la kwako, si ndiyo? Ukajifumulia, ukakaa kwa raha."

"La kwangu sijaligusa."

"Mwongo!"

Fundi aligeuka akawapa mgongo. Askari alipiga hatua, mwenyekiti akamzuia kwa mkono. Fundi aliinamisha kichwa, akaishusha kola kwa vidole viwili. Shingo ilikuwa imefanya sugu nyeusi, nene kama kisigino, na katikati ya sugu palikuwa pamepasuka pakafunga, pakapasuka tena, mara zisizojulikana.

"Kila nikipewa shati jipya nilikuwa naliacha hivyo hivyo," alisema bila kugeuka. "Nilijua fundo ni la nani. Hawa wengine halikuwa lao."

Hiyo ndiyo shingo aliyokuwa akiiota. Miaka yote alijiambia siku akiiona atashiba. Sasa iko mbele yake, na Shangazi akaitafuta ile furaha, akaitafuta kwa bidii, asiione. Aliikuta hasira yake palepale, haijapungua hata chembe, na juu yake imekaa aibu. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja kwa ukali, kwa sababu hakutaka mtu yule ayahesabu kuwa yake.

"Inama," alimwambia.

Akainama. Mkasi haukuwapo, kiwembe hakikuwapo. Shangazi alishika kola ile, akatafuta mshono wake mwenyewe kwa kucha, ukamshinda, maana alikuwa fundi hodari na alishona ili usifumuke. Akaukata kwa meno. Akachomoa fundo, akalitemea kiganjani.

"Mama," mwenyekiti alisema, "ina maana umemsamehe?"

"Nani kasema nimemsamehe?" Ulimi ulikuwa umerudi. "Simsamehe. Andikeni hivyo. Nitakufa nikiwa na hasira yangu na mtanizika nayo."

"Kwa hiyo unapinga asitoke."

"Nimesema napinga? Mtoeni! Humu mmenifichia, amejazana na wenzake, hata sauti yangu haimfikii. Nataka akae mtaani. Nataka apite mlangoni kwangu kila asubuhi anisalimie, na mimi nisiitikie. Amtazame yule kijana anavyofanana na baba yake, kila siku, mpaka azeeke." Akamgeukia fundi. "Hicho ndicho kifungo chako, na mwenye funguo ni mimi. Na hawa wengine wa kuku na simu, watoeni pia, mimi sina ugomvi nao. Wasiotoka niletewe mashati yao siku ya kufua, niyafumue."

"Kiwembe hakiruhusiwi kuingia humu, mama," alisema askari.

"Umeona nimetumia kiwembe?"

Fundi alitoka kabla ya kijana. Kijana naye alimaliza miezi yake, akarudi kwenye simu zake, na kovu lake halikufutika. Hakuwahi kumuuliza Shangazi habari za uzi wa nailoni. Wakati mwingine alimwona akishona, akamtazama vidole, kisha akatoka nje.

Fundi alipanga chumba mwisho wa mtaa. Kila asubuhi hupita akienda kazini, husimama mbele ya mlango ule na kusema shikamoo, Shangazi, na Shangazi huendelea kufagia kama vile ni upepo umepita. Watu hukonyezana. Mpaka leo hajamwitikia, na anaapa hatamwitikia. Lakini siku fundi akichelewa kupita, Shangazi huegemeza ufagio ukutani, akatoka mpaka barabarani kutazama anakotokea.